Jembe la Mkono Mmoja

Kitendawili!

Msinitazame tu, semeni "tega". Haya. Huingia karamuni bila kualikwa, hagusi sahani ya mtu, lakini akishakaa, chakula chote kinachacha.

Nzi? Hapana. Nzi anagusa, tena anagusa sana. Mvua? Mvua tunaiomba, Wilfredi, hatuifukuzi. Naetwe anasema ni baba yake mdogo akianza kutoa nasaha mezani. Mtoto wewe! Bahati yako yuko nje anachuna mbuzi. Mmeshindwa, nipeni mji. Mwanga? Mwanga ni mji mzuri, nashukuru. Nimekwenda Mwanga, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Jibu ni manung'uniko.

Nimekitega hicho kwa sababu tangu mlipofika juzi mgeni huyo amejaa ndani ya nyumba. Barabara ina mashimo. Simu hazishiki mtandao. Baridi. Makande tena! Na sisi wenyeji hatujambo: shangazi yenu ananung'unika kwamba hamwoshi vyombo, mimi nanung'unika kwamba miguu imevimba, na mbuzi naye alilalamika asubuhi, ingawa yeye alikuwa na sababu. Kesho ni Krismasi, na nyumba nzima imechoka kama watu waliotoka msibani.

Ndipo shangazi yenu alipomwambia Wilfredi, "Anayenung'unika hushika jembe kwa mkono mmoja." Mkacheka. Mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa, katika ukoo huu. Sogezeni hayo maharage tuyachambue pamoja, maana nikikaa bure usingizi utanichukua.

Chanzo cha methali hiyo ni hiki.

Mnaijua ndiva ya juu, ile mliyokwenda kupigia picha jana. Bwawa lile mababu walilichimba kwa mikono, wakalizungushia ukuta wa mawe na udongo. Mlinzi wa ndiva huziba tundu la kutokea, maji ya kijito yakalala humo mpaka bwawa lijae. Asubuhi hulizibua, maji yakashuka mferejini mpaka kwenye shamba la yule ambaye zamu yake imefika. Ukiikosa zamu yako, unangoja mpaka zamu izunguke nyumba zote za kijiji.

Mwaka ninaousimulia, mvua za vuli zilikatika mapema. Jua likakaa juu ya mlima kana kwamba limelipiwa. Kijito kikapungua, na ndiva iliyokuwa ikijaa kwa usiku mmoja ikawa inahitaji kulala na kulala tena ndipo ijae.

Kulikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Nanzia. Huyo ndiye mama mzazi wa babu yenu Eskia, na Eskia mwenyewe wakati huo alikuwa bado ananyonya. Mume wa Nanzia alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, huko Tanga, na mwaka huo alituma salamu kwamba sikukuu hataweza kuja. Badala yake alikuja mdogo wake, Sifaeli, kijana aliyefanya kazi huko huko. Alipanda mlima na viatu vipya, na njaa, na hadithi nyingi za mambo ya pwani. Nyumbani alikuwepo pia mama yao, Mama Mbonea, mwanamke mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kazi.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wanne, na mwenye kufanya kazi alikuwa mmoja. Kuni ni Nanzia. Maji ni Nanzia. Kutwanga, kupika, kuosha, kusiriba ukuta kwa ajili ya sikukuu, Nanzia. Akilala, mtoto anaamka.

Nje ya hayo alikuwa na shamba moja la maharage, na maharage yalikuwa yametoa maua. Ua la maharage halina subira, wajukuu zangu. Likikosa maji linaanguka, na likianguka hakuna ganda. Kapu la akiba lilikuwa limeanza kuonyesha kitako chake, na mpaka mavuno ya masika hapakuwa na kingine cha kutia ndani ya mahindi. Nyumba ile ingekula au isingekula, jibu lilikuwa katika shamba lile. Na zamu ya Nanzia ya kupata maji ilikuwa imeangukia asubuhi ya Krismasi. Maji yaliyokuwa yanajikusanya ndani ya ndiva siku ya kabla yake yalikuwa yake yeye.

Basi asubuhi hiyo, kabla ya Krismasi, Sifaeli aliketi mlangoni akipulizia kikombe cha uji.

"Shemeji, hata sikukuu huku uji hauna sukari?"

"Sukari iko Tanga ulikotoka," Nanzia akajibu bila kugeuka. "Ungeijaza ndani ya hivyo viatu."

"Huko Tanga sikukuu ni sikukuu. Watu wanakula pilau."

"Na huku watu wanakula walichopanda. Wewe umepanda nini?"

Mama Mbonea, aliyekuwa amempakata mtoto kando ya moto, alikohoa tu. Alikuwa amezoea. Tangu Sifaeli afike, hao wawili walikuwa wakichapana maneno kutoka kifungua kinywa mpaka kulala.

Hapo ndipo baragumu lilipolia.

Nyinyi hamjawahi kulisikia baragumu la msaragambo. Ni pembe ndefu ya mnyama. Ikipulizwa, kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake, wakafanya kazi ya wote: kuzibua mfereji, kutengeneza njia, kujenga ndiva. Hakuna kuuliza ni siku gani. Nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini, na jina lake hutafunwa kijiji kizima mpaka mwaka ugeuke.

"Sifaeli, wewe ndiye mwanamume wa nyumba leo," Nanzia akasema. "Nenda."

"Mimi ni mgeni. Nimekuja kula Krismasi, sikuja kuchimba udongo. Udongo nauchimba mwaka mzima."

Nanzia alichukua jembe lake, akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake. Aliongea juu ya mume asiyekuja, juu ya shemeji asiyesimama, juu ya jua, juu ya sikukuu zenyewe ambazo kwa watu wengine ni kupumzika na kwake ni kuongezewa sufuria. Na mimi simlaumu. Nimepika Krismasi nyingi, najua.

Nyuma yake Mama Mbonea alianza kupanda polepole na fimbo yake, mtoto mgongoni, kwa kuwa mtoto angetaka kunyonya. Alipompita Sifaeli alimtazama. Sifaeli akaweka kikombe chini, akachukua jembe la pili lililokuwa ukutani, akamfuata mama yake na viatu vyake vipya.

Huko ndivani, Mzee Togolai, mlinzi wa ndiva, alikuwa amesimama chini ya ukuta, ameloa mpaka kifuani. Fuko alikuwa amechimba njia yake ndani ya ukuta, akatokeza upande wa pili, na maji yakamfuata. Tundu lilikuwa linatoa maji ya unene wa mkono wa mtu mzima.

"Wanangu, bado ni dogo," Mzee Togolai alisema. "Leteni mawe, leteni udongo wa mfinyanzi, kateni mashina ya migomba. Tukishikamana, kabla ya chakula cha mchana tumemaliza."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Watu walikuwepo wa kutosha. Lakini mtu mmoja akapandisha macho, akatazama huku na huku, akasema, "Kwa Kanankira hawajaja."

Basi.

"Wanachinja ng'ombe hao."

"Na sisi hatuna vya kuchinja?"

"Mwaka jana pia walikuja kazi imekwisha, wakaja kunawa mikono tu."

"Na maji yenyewe ni ya nani kesho? Si ya yule mama wa Eskia? Kwa nini mimi niloe kwa ajili ya maharage ya mtu?"

"Ukuta ni wa wote!"

"Wote ndio nani? Kanankira yuko wapi?"

Kila aliyesema alinyosha mkono kuonyesha: huyu alionyesha nyumba ya Kanankira kule bondeni, yule alionyesha shamba la Nanzia, mwingine alimwonyesha jirani yake kidole usoni. Na mtu akinyosha mkono, jembe analiacha katika mkono mmoja. Sifaeli ndiye aliyewapita wote. Alisimama juu ya jiwe kavu asichafue viatu, mkono wa kushoto umeegemea mpini, mkono wa kulia uko hewani kama anaongoza kwaya.

"Huko Tanga," alikuwa anasema, "bwawa linajengwa kwa saruji. Saruji! Nyie mnaziba kwa migomba, halafu mnashangaa fuko kupita."

Nanzia alikuwa chini kabisa, kwenye tope, karibu na tundu. Alikuwa amekita jembe ndani ya udongo mbichi ili akate bonge. Sauti ile ya shemeji yake ilipomfikia, uchovu wote wa mwezi mzima ulimpanda kichwani. Akageuka. Mkono mmoja ukabaki kwenye mpini, mkono wa pili ukanyoshwa juu, kidole kikimwelekea Sifaeli.

"Wewe! Umekula uji wangu, umelala kitanda changu mimi nikalala chini na mtoto, halafu umesimama hapo juu kama askofu..."

Hakumaliza. Udongo ulimeguka. Kipande cha ukuta kikashuka na maji yakaja nacho, yakalichukua lile jembe alilokuwa amelishika kwa mkono mmoja. Lilimponyoka kama samaki. Wakaliona likibiringika mara moja, mpini juu, kisha likazama korongoni na mawe yote. Tundu sasa lilikuwa pana kama mlango wa banda la kuku.

Maji tu ndiyo yaliyokuwa yakisema. Mama Mbonea alikuwa amefika, ameketi ukingoni na mtoto mapajani, naye ndiye aliyevunja kimya.

"Naona vidole vingi," alisema. "Majembe siyaoni."

Kisha akamtazama mkwe wake, aliyekuwa amesimama ndani ya maji, mikono mitupu, tope mpaka kwenye nyusi.

"Nanzia mwanangu, umebaki na nini?"

Nanzia hakumjibu. Alimwinulia macho mazito. Mama yangu mkwe, yaani Nanzia mwenyewe alipokuwa ameshazeeka, aliniambia kwamba kama angefungua kinywa wakati ule, angemtukana mama wa mume wake mbele ya kijiji. Ndani alikuwa amejaa. Mume hayupo, jembe limekwenda, maji yake yanakwenda, na huyu mzee anamuuliza amebaki na nini! Alitamani kukaa pale pale kwenye tope alie, na sikukuu ije imkute hapo.

Kisha, sijui niwaelezeje. Alimsikia mtoto akilia njaa pale ukingoni. Akamkumbuka Mariamu. Mnajua siku hizi tunamchora Mariamu anang'aa, nguo safi, anatabasamu. Lakini yule alikuwa mwanamke aliyesafiri na mimba, akafika mji uliojaa wageni, akazalia penye mifugo. Injili haisemi kwamba hakuchoka. Inasema alimfunga mtoto nguo, akamlaza horini. Alifanya kilichokuwa mbele yake kwa kile alichokuwa nacho.

Nanzia aliinama. Akaokota jiwe, jiwe zito la kubebwa kwa mikono yote miwili na tumbo. Akaenda nalo mpaka penye tundu, akamkabidhi Mzee Togolai. Na wakati anamkabidhi akasema, "Asante, Bwana, kwa jiwe."

Msidhani alisema kwa furaha. Alisema kama mtu anayemeza kwinini. Meno yalikuwa yameumana. Lakini alisema.

Mzee Togolai, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu na amepewa kitu mkononi, akajibu, "Asante." Akalipachika jiwe.

Nanzia akarudi. Bonge la udongo. "Asante, Bwana, kwa udongo." Mzee akapokea: "Asante."

Sifaeli akacheka pale juu. "Jamani, shemeji amechanganyikiwa. Anamshukuru Mungu kwa tope!"

Lakini mama mmoja aliyekuwa karibu na Nanzia alikuwa ameshaingia katikati, akapokea jiwe kutoka kwake ili kumfupishia njia, na midomo yake ikasema "asante" kama inavyosema mtu akipokea chumvi kwa jirani. Akaingia mwingine nyuma yake. Mstari ukajipanga bila mtu kuupanga, kuanzia penye mawe mpaka penye tundu, jiwe likipita kifua kwa kifua, na kila linapopita, asante, asante, asante. Kidogo kidogo ikawa na mdundo wake. Wenye sauti nene wakaishika chini, wanawake wakaipandisha. Hapakuwa na maneno mengine. Lile neno moja tu.

Na tazama jambo moja. Mawe yalikuwa makubwa. Jiwe la namna ile halipokelewi kwa mkono mmoja, na aliyelipokea kwa mikono miwili hana kidole cha kumwonyesha Kanankira. Ikafika mahali Sifaeli alibaki amenyosha mkono peke yake, na hakuna aliyekuwa akitazama unaelekea wapi.

Mzee mmoja mwenye pumzi fupi akamsukumia jiwe kifuani. "Pokea, bwana Tanga. Linakuponda miguu hili."

Sifaeli alilidaka. Jembe likaanguka. Akateleza kutoka kwenye jiwe lake kavu, viatu vyote viwili ndani ya tope. Watu wakasubiri atasema nini. Alitazama viatu vyake, akatazama jiwe, akatazama aliyekuwa mbele yake katika mstari, na aliyekuwa mbele yake alikuwa ni shemeji yake.

"Asante," akasema kwa sauti ndogo, akampa jiwe.

"Asante," Nanzia akajibu. Hakumtazama, lakini alijibu.

Kazi waliyoambiwa itaisha kabla ya chakula cha mchana iliisha jua likiwa linakwenda nyuma ya mlima. Ukuta ulishika. Mzee Togolai akapanda juu, akatazama ndani.

"Nusu imekwenda," akasema. "Mama Eskia, kesho upande wa juu wa shamba lako utalowa. Upande wa chini siwezi kukuahidi."

Nanzia aliitikia kwa kichwa. Alimchukua mtoto akamnyonyesha pale pale, amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatainuka. Kisha wakashuka nyumbani wote wanne, na jioni hiyo walikula makande. Hapakuwa na pilau. Sifaeli aliyala, akaomba tena, na hakuitaja Tanga. Usiku alitandika mkeka chini akalala hapo bila kuambiwa.

Asubuhi ya Krismasi, kengele ya kwanza ya kanisa ilipolia, Mzee Togolai alizibua tundu la kutokea. Sifaeli alikuwa tayari yuko shambani, pekupeku, na lile jembe moja lililobaki, akiyaongoza maji yapite kila mstari. Maji yalikuja kwa uvivu. Yakaingia mstari wa kwanza, na wa pili, yakaendelea hivyo mpaka katikati ya shamba. Hapo yakapunguza mwendo, yakawa tope, yakakoma.

Chini ya pale, maua yalikuwa yameshaanza kukunjamana. Nanzia aliyatazama. Alijua hesabu yake: kutakuwa na chakula, na kutakuwa na siku za kulala mapema ili mtu asisikie njaa. Shukrani ya jana haikuyarudisha yale maji. Haikumleta mume wake. Miguu ilimuuma vile vile. Wajukuu zangu, akija mtu akawaambia kwamba mkishukuru hamtachoka, mkatalieni kwa heshima. Nanzia alishukuru, na alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha.

Mama Mbonea akaja taratibu, amevaa gauni lake la kanisani, mtoto mgongoni, akasimama karibu naye penye mpaka wa maji. Wakatazama pamoja, nusu mbichi, nusu kavu. Kengele ya pili ikaanza kulia. Sifaeli akawaita kutoka kule juu kwamba watachelewa ibada.

Nanzia alimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa mama mkwe wake, akamkumbatia.

"Mama," akasema, "jana uliniuliza nimebaki na nini, nikakunyamazia."

"Ulinyamaza. Nilikuona macho."

"Mikono miwili, mama. Anayenung'unika hushika jembe kwa mkono mmoja."